Kaijage na Mgomba wa Ephrasia

Kaijage alizaliwa hapa Nshamba, nyuma ya nyumba yangu, lakini jembe halimjui. Alisomeshwa, akawa karani wa kahawa mjini Bukoba, akastaafu, akajenga huko huko mjini, Rwamishenye. Mtu mwingine akistaafu hufuga kuku. Yeye akaanza kufuga watoto wa watu.

Kila Jumamosi anashuka kwenye bodaboda na viatu vyake vinavyong'aa, anakusanya vijana katika ghala bovu la kahawa. Wakatoliki, Waislamu, hata Yunus wa Awadhi mwenye duka. Kanisani tuna kipaimara. Waislamu wana madrasa. Kaijage ana kitu anakiita safari ya utu. Mwaka mzima. Hakuna sala. Kuna kuuliza tu: umejuaje, umejuaje.

"Na Mungu?" nilimwuliza.

"Ta Rutashobya, sina ugomvi naye. Simjui tu."

"Yeye anakujua. Ndiyo maana alikunyima nywele."

Mjukuu wangu Joanitha akataka kwenda. Nikakataa. Mke wangu Ephrasia, ambaye rozari haikumtoka mkononi, ndiye aliyesema, "Mwache mtoto aulize. Wewe unaogopa nini?" Nikamruhusu. Tulikuwa tumezoeana hivyo.

Ephrasia akafa kabla safari yao haijaisha. Tukamzika kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, kando ya mgomba alioupanda mwenyewe alipoolewa. Haukupita muda, majani yakageuka manjano, yakalegea. Nikasema unamlilia. Majirani nao wakasema kweli, unamlilia. Nikakataza mtu kuugusa. Sikuwa nimebakiwa na kingine cha kwake kinachoota.

Kaijage akaja kunipa pole. Akazungumza sana juu ya kifo. Nikampa kahawa ya kutafuna ili mdomo wake upate kazi nyingine.

Sasa, kumaliza safari yao, kila kijana huchagua jambo moja ambalo watu wa kwao wanalisema bila kuuliza. Analichunguza, kisha analisema mbele ya yule litakayemuuma. Hapo Kaijage anaona mtoto amekuwa mtu mzima. Sisi tulipata kuwa watu wazima kwa kulima. Yunus alisema la kwake ghalani, watu wakapiga makofi, wakanywa soda. Joanitha akasema la kwake halisemwi ghalani.

Wakaja kwangu wote, Kaijage mbele kama askofu asiye na kofia. Kufika kibanjani, askofu akakosa sauti.

"Ta Rutashobya... waitu, jamani, hawa vijana... yaani..."

"Una kikohozi, Mwalimu?"

Vijana wakacheka. Joanitha hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na kaburi, ana panga.

"Babu, huu mgomba haulii. Ni mnyauko."

"Umejuaje?" Nilimwuliza kwa sauti ya Kaijage, kumkejeli.

"Nilikwenda Kagoma kwa bwana shamba. Akanionyesha mgomba wa kwao unaougua hivi." Akakata ndizi moja, akaipasua, akanipa. Nje mbichi, ndani nyeusi. Akachanja shina. Likatoa utomvu wa njano, mzito kama usaha. "Tukiuacha utaua kibanja chote. Ile mitatu ya pale uani imeshaanza."

"Bibi yako yuko hapo chini anakusikia."

"Nataka asikie." Akalishika panga kwa mikono miwili. "Babu, kikiisha chote tutakula nini?"

Nikamtazama Kaijage. Nilimtaka aseme neno lolote la kipumbavu ili nimfukuze, na huyu mtoto nyuma yake. Hakusema. Mara ya kwanza tangu azaliwe.

Nikanyoosha mkono. Joanitha akanipa panga.

"Kila ukikata shina, Babu, ulichome panga motoni. Lisihamishe ugonjwa."

"Mwalimu," nikasema, "washa moto."

Akapiga magoti na suruali yake ya pasi, akapuliza, majivu yakamrudia kwenye miwani. Maisha yote amekula chakula cha kuni na hajui kuziwasha. Yunus akamwonea huruma, akauwasha.

Nikaukata mwenyewe. Nikachimba hadi mizizi, vijana wakivuta. Sikutaka Kaijage aguse. Lakini kisiki cha mwisho kilinishinda, na aliyekuwa karibu ni yeye. Nikamwambia ashike. Akashika vibaya, tukaanguka wote wawili kando ya kaburi. Ephrasia angecheka hadi ashike mbavu. Nikakaa pale chini, nikalia. Hakuna aliyeniuliza kitu, hata wao wa kuuliza.

Kisha tukaendelea na ile mitatu ya uani. Sehemu nyingine yote ya kibanja imepona.

Kando ya kaburi sasa kuna maharage, maana bwana shamba amekataza migomba pale kwa muda. Joanitha hajarudi kwenye mafundisho ya kipaimara. Tunagombana kila Jumapili, Jumatatu tunapalilia.

Kaijage amekusanya kundi jipya. Nilimwambia asikanyage tena kwangu na vile viatu. Juzi akaja na gambuti. Mpya, karatasi ya bei bado imebandikwa kisiginoni. Nikampa jembe.