Mama Aliyefia Kwenye Usaili

Ukituuliza wauguzi kwa nini tuliingia kazi hii, tutakujibu kwamba uuguzi ni wito. Ndilo jibu tulilofundishwa, na halina ubaya wowote. Lakini tukiwa chumba cha kubadilishia nguo, viatu vimevuliwa na miguu imevimba, utasikia mengine. Mmoja wetu baba yake alimwambia achague, uuguzi au kuolewa. Mwingine alilipenda gauni jeupe, basi. Mimi nilimfuata rafiki yangu kipenzi. Yeye aliacha mwaka wa kwanza baada ya kuona maiti, mimi nikabaki mpaka leo.

Aliyekuwa na sababu safi kuliko sisi sote ni mwenzetu mmoja wa wodi ya mifupa, ndiyo maana tulimwita Wito. Lilianza kama jina la utani, likakaa. Alitusimulia kwamba mama yake alifariki akijifungua, kwa sababu zamu ile hapakuwa na muuguzi hata mmoja, na kwamba yeye, binti mdogo, ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Mara ya kwanza nilipoisikia habari hiyo, mama alikufa kimya. Mwaka uliofuata akawa na maneno mawili matatu ya kuaga. Nilipoisikia mara ya mwisho, marehemu alikuwa anatoa hotuba. Nami nililia kila mara, kisha nikajiona sina maana, mtu mzima niliyeletwa kazini na shoga yangu.

Mkuu wetu wa wodi alikuwa na desturi yake. Wanafunzi wapya wakija, aliwasimamisha katikati ya wodi, pale pale kati ya vitanda maana wagonjwa hawaachwi peke yao, na kila mtu, mgeni kwa mwenyeji, alieleza kilichomleta kwenye uuguzi. Wito aliwekwa wa mwisho, kama mtoto anavyoiacha nyama mpaka amalize chakula kingine.

Mwaka mmoja, siku chache kabla wanafunzi hawajafika, alilazwa kwetu mama mmoja mtu mzima, fundi cherehani wa mji wa mbali, aliyeteleza bafuni akavunjika nyonga. Mwanawe wa kiume alimleta kwa kuwa daktari bingwa wa mifupa yuko kwetu, kisha akarudi kazini kwake. Mama huyo alikuwa na ulimi. Siku ya kwanza tu aliyatazama mapazia yetu akauliza kama aliyeyashona alikuwa amefumba macho. Wito alimhudumia mwenyewe, kumwogesha, kumlisha, kumpaka mafuta mgongoni, wala hakutaka msaidizi. Alimwita mama, naye akaitwa mwanangu, lakini hilo halikumshtua mtu. Wodini kila mwenye mvi ni mama, na kila mwenye gauni jeupe ni mwanangu. Nilichoona mimi ni kwamba Wito alikuwa amepungua maneno, na chakula chake cha mchana alikuwa anakirudisha nusu.

Wanafunzi wakaja. Mkuu wa wodi alikuwa kwenye mikutano, kwa hiyo ile shughuli ya kuwakaribisha ikasogezwa mpaka mwisho wa wiki. Kati yao alikuwamo msichana mmoja mchangamfu, mdomo wake hauna breki. Akapewa kazi ya kumchana nywele yule fundi cherehani. Mimi nilikuwa kitanda cha jirani nabadilisha bendeji.

"Bibi, una bahati wewe," akaanza. "Huyu sista anayekuhudumia ndiye aliyenifanya nije huku. Alikuja shuleni kwetu akatusimulia habari za mama yake, darasa zima tukalia."

"Habari gani hizo?"

"Za alivyofariki."

"Kafariki nani?"

"Mama yake mzazi. Alivuja damu huku wameshikana mikono, muuguzi hakuna. Akamwambia, mwanangu, usikubali mwingine afe kama mimi."

Kitana kiliendelea kupita kwenye nywele. Nikageuka nimtazame yule mama.

"Akayasema yote hayo huku anavuja damu?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi alikuwa mwanamke hodari."

"Na wewe ni nani wake?" msichana akauliza. "Maana pua zenu zimetoka kiwanda kimoja."

Hapo ndipo nilipomwona Wito. Alikuwa amesimama nyuma ya mwanafunzi na trei ya dawa mikononi, hasogei mbele wala harudi nyuma. Yule mama alikuwa ameshamwona. Alimtazama bila kupepesa, kisha akamgeukia msichana.

"Mimi ni mama yake mdogo," akasema. "Marehemu alikuwa dada yangu."

Nilimkuta Wito stoo, kati ya rafu za mashuka. Nilimuuliza swali moja tu, yule ni nani wako, naye akayamwaga yote. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini yake ilikuwa imefika mbali sana kabla ya kukatika. Nyumbani kwao walilala watu sita chumba kimoja, yeye chini ya meza ya cherehani, na chuo cha uuguzi kilikuwa na bweni, kila mwanafunzi na kitanda chake. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yake. Kwenye usaili walipomuuliza kwa nini anataka kuwa muuguzi, alianza na yale ya kuitumikia jamii, akaona mzee mmoja wa jopo anapiga miayo. Ulimi ukamteleza. Mama yangu alifariki, akasema, na wote wakainua vichwa. Gauni alilovaa siku hiyo mama alikuwa amelishona huku kazi za wateja zikimngoja, na alipotoka alimkuta mama getini, anamwombea.

"Si ungesema tu kwamba ulitaka kitanda?"

"Nani anampa nafasi mtu anayetaka kitanda?"

Nilitaka kumpa vidonge vyake. Machozi yangu ya miaka yote hiyo yalikuwa yamekwenda bure, na hilo peke yake lilinitosha kukasirika. Lakini alikuwa anakunja shuka lile lile kwa mara ya tatu, nami nikaishia kumwambia aende akamwombe mama yake radhi.

Alikwenda. Kabla hajafungua mdomo, mama alifumba macho akasema amechoka. Alikwenda tena kesho yake, akaambiwa beseni limejaa, likamwagwe.

Wakati huo habari zilikuwa zimeshaenea wodi nzima. Kila mtu alimwita yule fundi Mama Mdogo. Mkuu wa wodi mwenyewe alimletea mto wa nyongeza, kwa heshima ya marehemu dada yake, na Mama Mdogo akaupokea kwa shukrani nyingi. Wauguzi walimpongeza Wito kwa kumtunza mama mdogo kama mama mzazi. Aliniambia kila pongezi ilikuwa inamvua nguo. Alikuwa anauogesha mwili uliomzaa huku watu wakimshangilia kwa wema wake. Aibu ilimla mpaka mashavu yakaingia ndani. Mwishowe akaniambia atasema ukweli mbele ya wote siku ya kuwakaribisha wanafunzi, na liwalo na liwe. Kazi ikienda, iende, alisema, lakini mama yake hatatoka wodini akiwa mama mdogo wa kubuni.

Siku ikafika. Tukasimama kati ya vitanda. Wanafunzi wakasema yao, sisi tukasema yetu. Mimi nikasema wito, kama kawaida, huku natazama sakafu. Mkuu wa wodi akatabasamu. "Sasa tumsikilize mwenyewe."

Wito alisogea mbele mpaka kwenye kitanda cha fundi cherehani, akashika chuma cha miguuni.

"Mama yangu hakufa," akasema. "Mama yangu ni huyu hapa. Niliyowasimulia ni uongo. Nilikuja uuguzi kutafuta pa kulala."

Msichana mchangamfu alibaki kinywa wazi. Mkuu wa wodi alivua miwani. Nikasema moyoni, haya, limekwisha, na nikaona fahari kidogo kwa ajili yake.

Ndipo kicheko kikatoka kitandani, kicheko kizuri cha mtu mzima.

"Jamani, mwanangu huyu!" akasema fundi cherehani. "Msimsikilize, ana uchovu. Dada yangu alipofariki nilimchukua mimi, nikamlea na wanangu. Tangu hapo hataki kusikia kwamba mimi si mama yake. Hata shuleni aligombana na watoto kwa sababu hiyo."

"Oooh," wakasema wanafunzi kwa pamoja. Mmoja akaanza kulia, mwingine akapiga makofi, na wodi nzima ikafuata, hata wagonjwa wenye mkono mmoja mzima wakipiga kwenye vitanda. Mkuu wa wodi alimkumbatia Wito, akasema kwamba mapenzi ya namna hiyo hayafundishwi chuoni. Wito alitikisa kichwa, akajaribu kusema, lakini kila alivyokataa ndivyo walivyozidi kumpenda.

Watu walipotawanyika nilibaki naye pale, maana nilihofia ataanguka. Alipiga magoti kando ya mto. Mama alikuwa ameacha kucheka.

"Uliniua upate kazi," alimwambia kwa sauti ya chini. "Leo unataka kunifufua upate usingizi."

"Mama..."

"Mama mdogo," akamsahihisha, akageuza uso.