Nilichoandika Pembeni ya Jina la Tulia

Mnisamehe kwanza kwa makosa ya tahajia na kwa mwandiko wangu, niliishia darasa la saba na naandika polepole, tena haya ni mambo ya aibu ambayo hata mama sijamsimulia yote.

Mimi na rafiki yangu Shukuru tulikuwa tunaziba pancha pamoja hapa Katandala, na tulikuwa na mchezo wa kuyapanga majina ya watu kama mwalimu alivyotufundisha aina za maneno. Zawadi ni nomino, Upesi (yupo, anauza maandazi) ni kielezi, Sikujua ni sentensi nzima, na Shukuru mwenyewe ni kitenzi. Tulicheka sana.

Basi baba yake Shukuru akafariki, tukaenda kuzika kwao Chala. Shukuru akanipa daftari niandike majina ya watakaoitwa kuweka mashada kaburini.

"Kaka, niandikie wewe, mimi wageni wananiita kila upande."

Nikajitenga nyuma ya nyumba, maana naona aibu kukaa na watu nisiowazoea, na nikiwa peke yangu mkono ukaanza ule mchezo, kila jina nikaliwekea aina yake pembeni. Dada yake Shukuru anaitwa Tulia, alikuwa analia tangu alfajiri mpaka sauti imekauka, nami (Mungu anisamehe) nikaandika: kitenzi, ila hatulii.

Nilijua natakiwa kunakili upya. Lakini jeneza lilikuwa linatolewa, na mimi ukurasa mmoja unanichukua nusu saa, nikajisemea katekista anayeongoza maziko atasoma majina tu, nikampa daftari hivyo hivyo.

Katekista ni mzee, anasoma kila kilichoandikwa.

"Zawadi, nomino."

Watu wakatazamana. Nikajisogeza nyuma ya watu.

"Tulia, kitenzi, ila hatulii."

Tulia alikuwa ameshainuka na shada lake. Akajifunika uso kwa kanga, akarudi kukaa bila kuliweka.

Shangazi yao akauliza, "Nani kaandika upuuzi huu? Ni mtani?" (Mtani wa kabila anaruhusiwa kutania msibani, mfugaji mmoja wa Kisukuma, mtani wao, alikuwa anawatania tangu jana yake na wafiwa wakacheka.) Katekista akaninyooshea kidole, wote wakanigeukia.

"We kijana, ni mtani wetu?"

"Hapana, shangazi. Mimi Mfipa kama ninyi."

"Basi umetutukana."

Baada ya maziko Shukuru akanifuata. "Dada anamlilia baba yake, wewe unacheka?"

Nikasema sikucheka. Nilidanganya, nilicheka kidogo nilipokuwa naandika.

Siku hizi anazibia pancha zake ng'ambo ya barabara, tunasalimiana kwa kichwa tu. Nimeapa sitaliandikia jina la mtu kitu chochote pembeni. Barua ya kumwomba Tulia radhi nimeianza mara nne, haivuki salamu. Kama yupo msomaji aliyewahi kuwakosea wafiwa akasamehewa, naomba aniandikie, anieleze alianza kusema nini.