Kofi la Tshangalele

Kuna Jumapili moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na kila kiangazi kikifika hunirudia. Nilikuwa msichana mdogo hapa Likasi, shule zimefungwa kwa likizo kubwa, na Papa, baba yangu, alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha kampuni ya madini. Nyakati hizo za Zaïre, dereva mmoja jirani yetu alikuwa anaazima lori, na familia mbili tatu tulipanda pamoja kwenda ziwa Tshangalele. Mama alibeba sufuria ya bukari, ugali wetu, aliyoifunga kwa kitenge ili isipoe. Papa alivaa shati lake la misa na viatu vyeusi, maana kwake matembezi yalikuwa kitu cha heshima.

Utashangaa nikikuambia kwamba mtu yule, ambaye nyumbani hakuwa msemaji, akifika ziwani alikuwa mwingine. Alituimbia, alichoma samaki mwenyewe, alimtania Mama mpaka Mama akaficha uso. Sisi watoto tulimpenda sana siku zile.

Yaya Ferdinand, kaka yangu mkubwa, alikuwa kijana wa miaka ya ubishi. Papa alikuwa amemkataza kugusa mitumbwi ya wavuvi. Jumapili hiyo, tulipokuwa tunakula, alijiondoa kimya akapanda mtumbwi mmoja, akajisukuma mpaka nje ya matete. Tulisikia kelele, tukageuka. Mtumbwi ulikuwa umepinduka, na yeye ameushikilia, uso umeelekea ng'ambo.

Papa alikimbia akaingia majini na viatu vyake. Maji yalimfika kiunoni, yakamfika kidevuni, kisha sikumwona tena. Mama alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma. Wavuvi wawili walikwenda: mmoja alimfuata yaya, wa pili akapapasa kwenye matete, akamtoa Papa kwa kola ya shati. Alitapika maji, akakaa kidogo amepiga magoti. Halafu akainuka, akaenda mpaka pale yaya alipowekwa mchangani, akampiga kofi mbele ya watu wote.

Yaya, uso wake ukiwa ng'ambo na maji machoni, hakuwa ameona jambo lolote kabla ya kofi lile. Alichojua ni kwamba mvuvi alimwokoa na baba yake akaja kumwaibisha.

Katika lori tukirudi, nilikuwa nimelala mapajani mwa Mama, wao wakidhani nimesinzia. Papa alimwomba Mama kwa kunong'ona asimwambie yaya kwamba baba yake alizama; watu wa lori alikuwa amekwisha kuwaomba. Alisema mtoto akijua baba yake alitolewa majini kama mzigo, hatamheshimu tena. Mama alikubali. Nami nikanyamaza, kwa kuwa kwetu maneno ya wakubwa mtoto hakuyarudia.

Tangu siku hiyo yaya hakupanda tena lori la Jumapili. Alimaliza shule, akapata kazi Kolwezi, akaoa huko. Kila Mwaka Mpya alikuja, akasalimia, akala, akaondoka. Papa alikuwa anamsindikiza mpaka barabarani, akibaki amesimama hata gari likiisha kupotea. Wakiwa pamoja waliongea habari za mvua na za kazi, basi.

Papa alipofariki, kifua kikiwa kimemsumbua muda mrefu, yaya alikuja kwenye kilio akakaa pembeni na wanaume. Jioni, wageni walipopungua, mjomba mmoja alimwambia aseme neno juu ya baba yake. Yaya akajibu kwamba hana neno; alichobaki nacho ni kofi.

Mama alikuwa kwenye mkeka. Aliinua kichwa.

"Ferdinand, baba yako hakujuaka kuogelea," alisema. "Ile siku aliingia mu mayi sababu ya weye. Mayi ilimupita kichwa. Wavuvi njo walimutoa. Alikupiga sababu alikuwa anatetemeka, hakujua kitu ingine ya kufanya."

Yaya alimtazama, kisha akanitazama mimi, nami nikaitikia kwa kichwa. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Mama, sababu gani mulinificha?"

Mama akamwambia kwamba Papa ndiye aliyeomba hivyo. Yaya alikwenda akakaa karibu na sanduku alimolazwa Papa, akaweka mkono wake juu ya mbao, na hapo ndipo alipomlilia. Tulimwacha.

Mpaka leo akija kwangu huniuliza: Papa aliimba wimbo gani kule ziwani? Alicheka namna gani? Najibu ninavyoweza. Lakini kuna swali moja, kwa nini Papa hakumwambia mwenyewe hata yaya alipokuwa mtu mzima, ambalo si langu kulijibu, na mwenye kulijibu tulimzika.

Kwa hiyo, mwanangu, nisikilize. Kama kuna kofi au neno la baba yako linalokukaa moyoni, nenda umuulize akiwa hai, hata kama sauti itakutetemeka. Na wewe ukiwa mzazi, usione haya kumwambia mtoto kwamba uliogopa kwa ajili yake. Na kama uliona jambo ambalo lingewapatanisha watu wawili, liseme mapema, usilitunze mpaka kwenye kilio.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema upendo, na wazazi wako wafike uzeeni wakiwa na nguvu ya kukusikia. Nenda na amani yangu.