Majeneza Mbele ya Kibanda

Nilipovuka mpaka kutoka Moshi kwenda Meru nilijua kazi moja tu, useremala, nikadhani inatosha. Nilikuwa nimesikia kwamba watu wa Githongo, kijiji cha huko, wanajenga sana na mafundi ni wachache. Nikakodi kibanda cha mabati kando ya barabara. Mwenyewe alikuwa mama mmoja mkulima wa kahawa, ambaye nyumba yake ilitazamana na kibanda. Nilimwamkia shikamoo. Akacheka kidogo, akanipa mkono, akanikaribisha chai.

Kwetu nilifanya kazi karibu na hospitali, na majeneza ndiyo yaliyonilisha. Kitanda mtu anaweza kuahirisha, msiba hauahirishwi. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote nilitengeneza majeneza matatu, nikayapaka vanishi mpaka yakang'aa, nikayasimamisha mbele ya mlango.

Hakuja mtu, si wa jeneza wala wa meza. Wanawake waliopeleka maziwa asubuhi walihamia ng'ambo ya barabara walipokaribia kwangu. Wanaume niliokunywa nao chai walisifu mkono wangu, kisha wakaanza habari nyingine. Nikaamini hawataki mgeni. Nikapaka vanishi tena, na moyoni nikaanza kuwachukia.

Siku moja ya ukungu yule mama alikuja na ndizi, akaketi juu ya mbao. Aliuliza habari za mama yangu, kama analima, kama ana afya. Kisha akashusha sauti.

"Fundi, mzee wangu ni mgonjwa. Jua likitoka tunamweka nje. Hizo sanduku zako, anaziona."

Nilikuwa nimemwona mzee huyo, mumewe, mara nyingi, amefunikwa blanketi kitini, na kila mara nilimpungia mkono. Nilidhani hanioni vizuri. Nikamuuliza mama kwa nini hakuniambia mapema, yeye au mtu mwingine yeyote.

"Tulidhani unajua," akasema. "Tukasema labda unamngoja."

Nikayaingiza majeneza ndani papo hapo, nikayafunika magunia. Mama alinisaidia kushika upande mmoja, huku akinieleza kwamba pale kwao jeneza halitangulii kifo. Wenye msiba huketi kwanza, halafu wanaume wa ukoo huenda kulitafuta Meru mjini. Kwa jirani hawanunui, maana utaishije na mtu aliyekula kilio chako? Yote hayo yangenichukua muda mfupi tu kuyauliza kabla sijapasua ubao wa kwanza.

Majeneza niliyapeleka mjini kwa fundi mwingine. Mzee nilimtengenezea kiti cha kuegemea, na alikikalia mpaka alipofariki, wakati wa kuchuma kahawa. Siku ya mazishi nilibeba viti vya wageni. Jeneza lililotoka mjini halikuwa kazi yangu, na lilikuwa limeanza kuachia kwenye maungio. Nililiona, nikanyamaza.

Sasa natengeneza milango na madirisha, na wateja hunijia hata kutoka Ruiri. Lakini mtoto mkubwa wa mzee bado hupita bila kunisalimu, nami sijui nianzie wapi. Mama ananiambia mzee hakuwahi kusema neno baya juu yangu. Sijui kama ni kweli au ananihurumia tu.