Kiti cha Marselina

Marselina alifika Marui, Kisarawe, mwaka 1975, akimfuata mumewe Evodius, bwana shamba aliyehamishwa kutoka Bukoba kuja kuwafundisha watu wa kijiji cha ujamaa kupanda mihogo kwa mstari. Mihogo walikuwa wakiipanda tangu kabla hajazaliwa, lakini walimpokea vizuri. Kwa mkewe ndipo walipovuka mpaka: walimpa kiti.

Kilikuwa kiti pekee chenye mgongo kijijini, mali ya ofisi ya katibu. Kila penye shughuli Marselina alikikuta kimeshatangulia. Msibani wenzake walikaa mkekani. Yeye alikaa juu peke yake kama dereva wa trekta. Siku ya shamba la kijiji kiliwekwa katikati ya matuta. Hata kisimani kilimfuata, kimebebwa kichwani na jirani yake Biubwa, ambaye mikononi alikuwa na ndoo mbili, yake na ya mgeni.

"Biubwa, nipe basi ndoo yangu."

"Mgeni habebi. Kaa."

Akakaa, kando ya kisima, akiwatazama wanaochota.

Alichokitaka ni kimoja tu: aitwe shoga, kama wanawake wa pwani wanavyowaita marafiki zao. Nami nimetembea pwani hii vya kutosha kujua kwamba ushoga haufungwi barazani. Unafungwa uani, kwenye moshi, wanawake wanapokuna nazi na kumsema mwenye shughuli huku wakimpikia. Kutoka huko Marselina aliletewa sahani ya kwanza kila mara, na kila mara aliila peke yake, akisikia vicheko nyuma ya ua wa makuti.

Mwaka uliofuata Zubeda, binti wa Bi Mwanaamina, aliolewa katikati ya masika. Kuni zote zililowa. Moto ulitoa moshi mtupu, maji ya pilau yalikuwa baridi kama ya mtungini, na watu wa bwana harusi walikuwa wameshafika, wanapiga miayo.

"Leo nitawalisha mchele mbichi kama kuku!" Bi Mwanaamina alilia.

Marselina aliinuka. Akakibeba kiti hadi uani, akakipigiza kwenye kinu. Mguu ukang'oka. Mninga mkavu, wa miaka mingi.

"Wewe! Cha katibu hicho!" Biubwa akapiga ukelele.

"Katibu hajakikalia mwaka mzima," Marselina akajibu, akisukuma mgongo wa kiti chini ya sufuria.

Moto ukawaka. Ndipo Biubwa akauliza jambo lililokuwa likimsumbua kweli: "Sasa mgeni atakaa wapi?"

Bi Mwanaamina aliutazama moto, akalitazama sufuria lililoanza kutokota, akaisogeza mbuzi ya kukunia nazi kwa mguu.

"Mgeni yupi? Mimi namwona mchoma viti tu. Kaa hapo, mwanangu, kuna nazi."

Marselina hakuwahi kukuna nazi maishani. Akakaa kinyumenyume, meno ya mbuzi yakimwelekea mgongoni. Walicheka mpaka bibi harusi mwenyewe akachungulia dirishani, hina ikiwa bado mbichi.

"Geuka, shoga!" Biubwa alisema, akifuta machozi. "Utajikuna wewe!"

Akageuka.

Jioni katibu Mwinshehe alikuja kukidai kiti chake. Wakampakulia sahani ya pilau iliyojaa, wakamwambia kiti kimo humo. Akala amesimama.