Muuguzi wa Mwisho Kwenye Orodha

Kazi yangu ni kuandika jinsi mfumo wa kompyuta wa taasisi yetu ya afya ulivyojengwa: kipi kinategemea kipi, na kimoja kikigoma ufanye nini. Taasisi ni kubwa, ina hospitali na zahanati toka Same mjini hadi milimani, na kila mtu alitaka maelezo yanayomhusu yeye. Muda ulikuwa mfupi. Nikapanga orodha kama tunavyosalimia kwetu, shikamoo ya kwanza kwa mkubwa: wakurugenzi, waganga wakuu, kisha mafundi. Wauguzi wa zahanati wakawa wa mwisho. Nikajiona nina adabu kweli kweli.

Wakurugenzi walipata michoro. Mmoja alisifu rangi.

Sasa, muuguzi wa zahanati moja kule Maore ni mama yangu mdogo, aliyenilea tangu darasa la kwanza. Siku ya kliniki ya watoto mtandao ulikatika. Hakujua kama atakachoandika kwenye kompyuta kitabaki, akaogopa kuvuruga rekodi za chanjo, akawarudisha kina mama nyumbani. Wengine walikuwa wameshuka kwa miguu toka Gonja, watoto mgongoni. Jioni akaandika barua ya kuomba kustaafu mapema, akanipigia simu.

"Mashine imenishinda, mwanangu. Nitakuja kumdhuru mtoto wa mtu."

Kesho yake nilipanda basi la kwanza, nimejikasirikia njia nzima. Nilikaa kwenye benchi karibu na mizani ya watoto, nikaandika ukurasa mmoja kwa mkono. Aliusoma kwa sauti, taratibu: "Mtandao ukikatika, endelea kuandika. Mashine inatunza yote. Mtandao ukirudi, itatuma yenyewe."

"Hili ulikuwa unalijua?"

"Tangu tulipoujenga mfumo, mama."

Akavua miwani. Nilitamani anigombeze. Nilianza kumweleza habari za orodha na wakurugenzi, nikaona haya, nikaishia njiani. Ningewezaje kumwambia kwamba mtu ninayempenda kuliko hao wote nilimpanga wa mwisho?

Barua aliichana vipande viwili. Kisha akafungua daftari lenye namba za kina mama, akaanza kupiga simu, mmoja baada ya mwingine, akiwaomba warudi.

"Samahani sana mama, jana kosa lilikuwa langu."

Nilikuwa nimekaa pale pale. Alipiga simu zote, na hakunitaja hata mara moja.