Vijiti Kwenye Shamba la Baba

Mimi ni bibi shamba, na sehemu kubwa ya kazi hii ni kuuliza maswali. Bahati nzuri nilizaliwa mdadisi. Mama husema nilipokuwa mdogo nilikuwa nafukua viazi kabla ya wakati wake, si kwa njaa, ila nione vimefikia wapi. Alinichapa sana na haikusaidia.

Nimekulia milimani, juu ya jiji la Mbeya, kwenye familia ya wakulima wa viazi mviringo. Ajira ikanipeleka Iringa, kijiji cha upande wa Kalenga, ambako ilinibidi nijifunze kusema "kamwene", salamu ya Wahehe, kabla mtu hajanisikiliza habari za mbolea. Huko ndiko nilikoanza kuchomeka vijiti. Jambo lenyewe ni dogo. Viazi vikiwa kwenye maua, unapita mstari kwa mstari, na kila shina lenye afya unalichomekea kijiti. Majani yakishakauka mashina yote hufanana, lakini kijiti kinakuonyesha pa kuchukua mbegu ya msimu ujao. Nyumbani kwetu mbegu ilikuwa vile viazi vidogo vilivyobaki baada ya kuuza, na mavuno yalikuwa yanapungua mwaka hadi mwaka. Nilitamani mno kujua kama vijiti vingeleta tofauti kwenye udongo wetu.

Basi likizo iliyopita nikaenda. Baba alikuwa msibani Chimala. Mama akanikatia vijiti, nami nikashinda shambani na magambuti yangu, nikichungulia majani yaliyojikunja na yaliyonyooka, moyo wangu mweupe kabisa.

Kesho yake asubuhi nikakuta shamba halina hata kijiti kimoja. Vyote vilikuwa vimefungwa kwa kamba na kuwekwa kando ya njia, na baba amekaa hapo pembeni, bado amevaa koti la msibani, hata nyumbani hajafika.

"Shikamoo baba. Nani kang'oa?"

"Marahaba. Mimi." Hakuniangalia. "Si ungengoja nife kwanza, mama, ndo mje na vigingi vyenu."

Sikumwelewa. Nikageuka kutazama bondeni, kule ambako mji unapanda kuja kwetu, na mashamba ya majirani yamejaa vigingi vya wapima viwanja. Kumbe! Milimani kwetu, kila palipochomekwa kigingi, baada ya muda yalifuata matofali. Na katika watoto wake mimi ndiye niliyesoma, mimi ndiye ninayeishi mbali.

Niliangua kicheko. Kisha nikaona anavyovuta lile fungu la vijiti karibu na miguu yake, kicheko kikaniishia. Niliumia. Baba yangu mzazi alikuwa ameamini kwamba naweza kupima shamba lake niliuze, yeye akiwa anazika.

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, halafu akaanza maswali, tena mengi: kwa nini wakati wa maua, kwa nini tusiangalie ukubwa wa majani tu, na hao Wahehe wenyewe wamepata nini cha maana. Mama siku zote amedai kwamba udadisi wangu sikuutoa kwake. Asubuhi ile nilimwamini.

Lakini swali la mwisho halikuhusu viazi.

"Hiyo mbegu ya mwakani, na ya mwaka unaofuata, ataipanda nani? Wewe uko Iringa."

Nilitaka kumjibu vizuri, jibu ambalo mzazi angependa kulisikia. Nikashindwa. Kazi yangu naipenda, na kama nitarudi kuishi pale sijui hadi leo.

"Sijui, baba. Ila sitauza."

Alitazama maua.

"Bora umesema hujui," alisema. "Ungeniambia utarudi, nisingekuamini hata hilo la kutouza."

Akafungua kamba, akachukua kijiti, akaingia mstari wa kwanza.

"Haya, njoo unionyeshe shina zima likoje."